Gongo Zito au Mchezaji Kiraka?



Juma lililopita kijana mmoja wa kwaya aliingia ofisini kwetu kuomba cheti cha ubatizo. Akaona juu ya kabati glavu ya ngozi iliyochakaa, akauliza kama ni ya kuepulia sufuria za moto. Tulicheka, kisha tukamweleza kuwa ni glavu ya besiboli, na kwamba inatukumbusha shauri moja baya tulilowahi kulitoa kwa ujasiri mkubwa.

Mwaka 2015 tulitumwa kusaidia kwa miezi mitatu katika parokia moja ya mji wa Kansas City, Marekani. Parokia hiyo ilikuwa na timu ya watoto wasiozidi miaka kumi na miwili, na mwalimu wao alikuwa mzee mmoja, fundi bomba mstaafu, ambaye alituchukua uwanjani jioni ya kwanza tu tulipofika. Besiboli ni jamaa wa mbali wa kriketi. Timu ni mbili, kila moja na watu tisa. Mrushaji hutupa mpira, mpigaji wa upande wa pili huupiga kwa gongo (wasomaji wasishtuke, tunasema gongo la mti), kisha hukimbia kupitia vituo vitatu na kurudi nyumbani alipoanzia ili kuipatia timu yake pointi. Mpira ukivuka uzio, ambayo ndiyo homurani, mpigaji huzunguka vituo kwa raha zake huku watu wakishangilia.

Basi, wiki ya tatu mzee alituita pembeni. Palikuwa na mashindano ya wilaya, naye aliruhusiwa kuandikisha wachezaji kumi na wawili. Alikuwa amebakiza nafasi moja na watoto wawili. Wa kwanza alikuwa mtoto wa kifua kipana ambaye kila jioni alipeleka mpira mmoja au miwili nje ya uzio. Wa pili alikuwa mwembamba, mpigaji wa kawaida kabisa, lakini mwezi ule peke yake alikuwa amecheza nafasi sita tofauti, hata ile ya mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na ambayo watoto wengi huikimbia. Mzee akatuuliza tungemchukua nani. Sisi, kwa elimu yetu ya majuma matatu, tulijibu bila kusita: mwenye gongo. Mchezo hushindwa kwa pointi, tukasema, na pointi huletwa na gongo. Mzee alinyamaza kidogo, akaandika jina.

Katika mchezo wa kwanza mtoto wetu alipiga homurani nasi tukamtazama mzee kama watu waliothibitishiwa unabii. Katika mchezo wa pili mdakaji wetu aliumia kidole gumba. Hapakuwa na mwingine wa kukaa pale. Akawekwa huyo huyo mwenye gongo, mtoto wa watu, mipira ikampita kulia na kushoto, wapinzani wakawa wanahama kituo hadi kituo kama watu wanaokwenda sokoni. Tukatolewa. Yule mwembamba alikuwa ameketi nje ya uzio, glavu yake mapajani.

Mzee hakutulaumu. Lakini mwishoni mwa Julai, baada ya Misa ya asubuhi, aliweka gazeti mbele ya kikombe chetu cha kahawa. Timu kubwa ya mji huo, Kansas City Royals, ilikuwa imempoteza kwa majeraha Alex Gordon, mchezaji wake wa upande wa kushoto, na tarehe 28 Julai ikamchukua Ben Zobrist kutoka Oakland. Zobrist, mtoto wa mchungaji kutoka jimbo la Illinois, ndiye mchezaji ambaye wapenzi wa soka kwetu wangemwita kiraka. Ukiacha kurusha na kudaka nyuma ya mpigaji, alikuwa amecheza nafasi zote saba zilizobaki. Alimshikia Gordon nafasi yake, na Gordon alipopona Zobrist akahamia kituo cha pili. Royals wakatwaa ubingwa wa Marekani mwaka ule, wa kwanza kwao tangu 1985. Mwaka uliofuata Zobrist alikuwa Chicago Cubs. Katika mchezo wa saba wa fainali, awamu ya kumi, alipiga mpira ulioipa Cubs uongozi, nao wakapata ubingwa walioungoja tangu 1908.

Neno hilo kiraka halitupendezi sana, tukiri. Kiraka hushonwa pale nguo ilipokwisha kuchanika, hali mchezaji wa namna hii hufanya kazi kubwa zaidi kabla ya kuchanika. Tazameni hesabu yenyewe. Tangu 2021 timu ya ligi kuu ya Marekani huandikisha wachezaji ishirini na sita kwa sehemu kubwa ya msimu. Kumi na watatu kwa kawaida ni warushaji, kwa sababu mkono wa mrushaji huchoka na kuhitaji siku za kupumzika. Wanaobaki ni kumi na watatu. Tisa huanza mchezo, wanne hukaa benchi, na mmoja wao ni lazima awe mdakaji wa akiba. Watatu waliosalia wabebe nafasi zote nyingine! Tena sheria inasema mchezaji akitolewa harudi. Mwalimu mwenye wapiga magongo watatu wazito kwenye benchi, wote wakijua kusimama kituo cha kwanza tu, ni sawa na mwenye nyumba aliyejaza ghala chumvi.

Hata hivyo hatutaki kumdharau mwenye gongo ili kufidia kosa letu. Babe Ruth alilelewa na Mabruda wa Shirika la Mtakatifu Fransisko Ksaveri katika shule ya St. Mary's huko Baltimore. Huko Boston alianza kama mrushaji, tena hodari sana. Mwaka 1920 alihamia New York akapiga homurani 54, na tangu hapo mchezo mzima ukabadilika. Umati huja kumtazama mpigaji.

Ila gongo moja halijengi timu, na sababu imo katika mchezo wenyewe. Katika soka unaweza kumpasia fundi wako mpira kila dakika. Katika besiboli wapigaji tisa hupokezana kwa zamu, na hata Ruth ilimbidi awasubiri wenzake wanane. Alex Rodriguez alipewa na Texas Rangers mkataba wa miaka kumi na dola milioni 252. Aliongoza ligi yake kwa homurani mwaka 2001, 2002 na 2003, mara zote tatu, na mara zote tatu Rangers walishika mkia wa kundi lao. Alifanya yote aliyolipwa kuyafanya. Warushaji wake ndio waliokuwa wakipigwa.

Mwaka 2025 Los Angeles Dodgers walikuwa na Shohei Ohtani, mrushaji na mpigaji kwa pamoja, mwenye mkataba wa dola milioni 700 na homurani 55 msimu ule. Katika mchezo wa saba wa fainali huko Toronto, awamu ya tisa, walikuwa nyuma 4 kwa 3. Aliyesawazisha kwa homurani ni Miguel Rojas, mwenye umri wa miaka 36, anayethaminiwa kwa mikono yake kuliko gongo lake. Dakika chache baadaye Toronto walijaza vituo vyote vitatu. Mpira ukamwendea Rojas huyo huyo, akarusha nyumbani akiyumba, na pointi ya ushindi ikazuiwa. Dodgers walishinda 5 kwa 4 katika awamu ya kumi na moja.

Tungeulizwa leo, tungeanza na warushaji, kisha wapigaji watatu au wanne wa kuogopwa, na nafasi ile ya mwisho tungempa kiraka bila kumwuliza padre yeyote. Zobrist wa namna yake, kiraka anayejua pia kupiga, tungemchukua mapema zaidi, lakini hao si wengi.

Turudi kwenye uwanja wa parokia, jioni ile tuliyotolewa. Tulimkuta mtoto mwembamba akiokota mipira nyuma ya uzio na kuitia mfukoni pamoja na mzee. Tulimwambia kwamba ni sisi tuliomtaja mwenzake. Tulikuwa tumejiandaa kwa machozi au kwa hasira.

"Hata mimi ningemchagua yeye, Padre," akasema. "Anapiga mbali mno."

Kisha akamgeukia mzee na kumwuliza, katika mazoezi ya Jumanne yeye angecheza nafasi gani.