Ushindi Wenye Hatukupigia Mikono



Katika namba hii, sisi makapita wa mwaka wa sita tunataka kuongea juu ya ngumi. Musiogope, hatufundishi mutu kupigana mu njia ya kwenda kuchota maji. Tunataka kuongea juu ya mapigano moja yenye ilituachia haya, hata kama mutu wetu alishinda.

Ilikuwa siku ya posho, tarehe 29 janvier 2022, katika muji wa Warren, jimbo la Ohio, Marekani. Ilunga Makabu alikuwa anachunga mukaba wake wa WBC. Aliupata Kinshasa tarehe 31 janvier 2020, wakati alimushinda Michał Cieślak wa Polonye kwa pointi. Makabu ni mutoto wa Kananga, na kila mutu wa Kamina anajua kama njia ya treni inapita kwetu inaenda mpaka Kananga. Njo maana tulimuita ndugu yetu.

Mwenye kupigana naye alikuwa Thabiso Mchunu wa Afrika ya Kusini. Hatukumuhesabu. Katika mwaka 2015, kule Durban, Makabu alimuangusha mu raundi ya 11. Tena watu walikuwa wanaongea paka juu ya Canelo Álvarez wa Mexico, juu ya WBC ilikubali mu mwaka 2021 apigane na Makabu. Kwetu sisi Mchunu alikuwa mulango tu, wa kusukuma na kupita.

Lakini mulango ule haukufunguka mbio. Asubuhi ya siku ya Mungu, nyuma ya ibada, mukubwa mumoja alituonyesha vipande vya mapigano mu telefone yake. Tulikuwa wengi, kichwa juu ya kichwa. Makabu anaenda mbele, Mchunu anarudia nyuma. Makabu anatupa ngumi, inakuta mikono imefunga uso, ao inakuta hewa. Mchunu anangojea, anarudisha moja, anaondoka. Raundi 12 zikaisha, na hakuna mwenye kulala chini.

Majuji watatu hawakusikilizana. Mumoja aliandika 115 kwa 113 kwa Makabu, wa pili 116 kwa 112 kwa Makabu, wa tatu 115 kwa 113 kwa Mchunu. Kwa wenye hawajue hesabu hii: mwenye kushinda raundi anapata 10, mwingine kwa kawaida 9. Basi 115 kwa 113 ni raundi saba kwa tano. Kama yule juji wa kwanza angegeuza raundi moja tu, ingekuwa 114 kwa 114 kwake, na mapigano yote ingeisha bila mwenye kushinda.

Sisi tulifanya nini? Hatukupiga mikono. Wengine walisema Makabu amekwisha. Wengine walisema Mchunu ni mwoga, na yule juji wa tatu ni mwizi. Halafu mwenzetu mumoja, mutoto wa kimya sana, akasema pole pole: "Mchunu haiko mwoga. Walimuangusha mara ya kwanza, akajifunza. Na Makabu naye alitumika kwa kushinda mutu mwenye kujifunza."

Tulimulalamikia wote pamoja. Tulimuita musaliti wa inchi. Juma nzima hakuna mwenye alikaa karibu naye ku meza. Mwaka wenye ulifuata baba yake alihamishwa kwa kazi, naye akaenda. Hatukumuomba musamaha.

Leo tunaona kama yeye njo alikuwa na macho. Sisi hatukutafuta ushindi, tulitafuta makelele. Ushindi tulipewa, tukaukataa juu ya haukuwa na damu. Na tarehe 26 février 2023, kule Arabia Saudia, wakati Badou Jack alimusimamisha Makabu mu raundi ya 12 na kumunyanganya mukaba, ni vinywa vile vile vilisema: "Tulijua."

Mutume Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 9, anachukua mufano wa mutu wa ngumi, na anasema yeye hapigi hewa. Tunafikiri siku ile wenye kupiga hewa tulikuwa sisi wa inje, kwa midomo.

Tunaandika haya kwa sababu. Sasa sisi njo makapita, tuko na kaye ya kuandika majina. Sisi njo majuji wenu wadogo. Na tumeona desturi mubaya: wakati wa matokeo, mwenye kupata 51 kwa mia anachekwa, hata kama mwaka jana alipata 38. Mwenye kupata 51 alishinda raundi zake. Musimucheke. Na mwenye kusema jambo lenye wengi hawapendi, mumuache amalize kusema. Sisi wenyewe tukikosa katika hiyo, mutuambie. Hatutaandika jina la mutu juu ya kutuambia ukweli.

Na wewe ndugu wa kimya, kama kipande cha karatasi hii kinakufikia huko uliko: ulikuwa na haki. Utusamehe.