Nikahi Yetu na Mashahidi Wake

Alhamdulillahi. Ushuhuda huu nautoa kwa wanawake wenzangu ambao waume zao wako ng'ambo, nao bado wanangoja.

Mume wangu ni mzaliwa wa Mombasa, sasa raia wa Marekani, kazi yake iko Minneapolis. Tulioana hapa kwetu: walii alikuwepo, mashahidi wawili walikaa, mahari yakatajwa, cheti kikatoka kwa Kadhi. Aliporudi kazini aliwasilisha ombi langu kwa idara ya uhamiaji ya Marekani, kwa fomu ya I-130 ya kuombea jamaa, na kuambatanisha cheti hicho. Baada ya kungoja sana ikaja barua. Cheti wamekiona, sasa walitaka ushahidi kwamba hatukuoana kwa ajili ya viza tu. Walitaja mkataba wa nyumba wenye majina yetu mawili, akaunti ya pamoja, vyeti vya watoto. Hatukuwa na hata kimoja. Tungepangaje nyumba moja, na ruhusa ya kuishi pamoja ndiyo tuliyokuwa tukiiomba?

Niliumia. Nimelelewa kwamba mambo ya mke na mume husitiriwa, na sasa wageni wanataka kuyasoma. Nikamwambia mavyaa wangu kwamba nimechoka. Akanijibu: "Mwanangu, hata sheikh hakufungisha nikahi bila mashahidi. Na hawa wanataka wao. Wapelekee."

Maneno yale yaliniinua. Muda wa kujibu barua kama ile hauzidi siku 84 na ule wa posta, hauongezwi, na majibu yote hupelekwa kwa mkupuo mmoja. Tukatoa taarifa za M-Pesa, zikaonyesha pesa zake zikiingia, kisha zikitoka kulipa kodi, stima na dawa za mavyaa. Tukanakili mihuri ya pasipoti yake kila alipokuja. Nyuma ya picha tukaandika tarehe, mahali na majina ya waliomo. Mavyaa na jirani yetu wakala kiapo kwa maandishi, kila mmoja akieleza aliyoyaona kwa macho yake.

Kazi ngumu ilikuwa jumbe zetu za simu. Za Kiswahili zilihitaji tafsiri kamili ya Kiingereza, na mfasiri atie saini kwamba lugha zote mbili anazimudu na tafsiri ni sahihi. Nilipoketi kuzichagua, haya ilinishika, kisha ikaniachia. Nyingi zilikuwa za presha ya mavyaa, bomba lililopasuka, ada ya mdogo wangu. Nikaona wazi kwamba miaka yote ile, pamoja na umbali, tulikuwa tukiishi ndoa yetu.

Ombi lilikubaliwa. Vikafuata cheti cha tabia njema kutoka idara ya upelelezi, DCI, fomu ya udhamini I-864 pamoja na hati za kodi za mume wangu, vipimo vya afya, na usaili Nairobi. Afisa aliniuliza nani anamtunza mavyaa, na dawa zake hulipiwaje. Nilimjibu bila kugusa faili. Viza ikatoka.

Dada yangu unayengoja, anza leo kuweka risiti, tiketi na jumbe zenu, hata zile za bei ya unga. Usione aibu kuitolea ndoa yako ushahidi. Ilianza kwa mashahidi, na Mungu awape nyinyi pia wa kutosha.