Kidole tumbo: tundu moja au matatu?

Wasomaji wangu, leo hakuna habari za seva. Mwezi uliopita mdogo wangu wa kike aligunduliwa ana uvimbe wa kidole tumbo, na hospitali ikatupa bei mbili: upasuaji wa kamera kwa tundu moja, au kwa matundu matatu. Wa tundu moja ulikuwa ghali zaidi. Kwetu mwenye shahada ya tarakilishi ni mtaalamu wa kila kitu, basi Mama akanipigia simu: "Mwanangu, tuambie tuchukue upi, na usikawie." Kidole tumbo kikipasuka usaha humwagika tumboni, kwa hivyo nilikuwa na saa chache tu.

Kwanza niliangalia kama dawa peke yake zingetosha. Katika utafiti wa CODA uliochapishwa Marekani mwaka wa 2020, wenye watu wazima 1,552, karibu 3 kati ya 10 waliopewa antibayotiki walipasuliwa kabla ya siku 90 kwisha. Kwa wenye kijiwe ndani ya kidole tumbo, walikuwa 4 kati ya 10. Picha ya dada ilionyesha kijiwe. Tukarudi kwenye matundu.

Madaktari huyaita poti (nilicheka kidogo, hata kwa wasiwasi ule). Katika njia ya matatu, moja la milimita 10 hivi hutobolewa kitovuni kwa kamera, na mengine mawili madogo chini ya tumbo kwa vifaa. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksaidi ili kuwe na nafasi. Gesi hiyo haishiki moto mishipa inapochomwa kwa umeme, na inayobaki mwilini hutoka kwa pumzi. Aliyeanza mambo haya kwa kidole tumbo ni Kurt Semm, daktari wa magonjwa ya wanawake mjini Kiel, Ujerumani, mwaka wa 1980. Baadhi ya wapasuaji walikasirika hadi wakataka asimamishwe kazi.

Njia ya tundu moja hukata sentimita 2 au 3 kitovuni na kupitisha vyote hapo. Kovu hufichika. Lakini vifaa hugongana, kama abiria watatu wanaogombania mlango wa matatu, na upasuaji huchukua muda mrefu zaidi. Maumivu hayapungui kwa kiasi cha kutajika. Kwa maoni yangu unalipia urembo. (Kwa watoto kuna njia nyingine nzuri: kidole tumbo huvutwa nje kupitia kitovu, kikafungwa na kukatwa huko nje. Ukuta wa tumbo la mtoto ni mwembamba.)

Ila nilipoomba bei ichanganuliwe, niliona jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Sehemu kubwa ya gharama ilikuwa stepla, kifaa cha kutumika mara moja, kinachobana shina la kidole tumbo na kulikata kwa mpigo mmoja. Njia ya zamani ni kitanzi cha uzi chenye fundo la Roeder, ambalo Semm huyo huyo alilileta kwenye upasuaji wa kamera. Shina likiwa zima, uzi hutosha. Likiwa limevimba sana au limeoza, stepla ina kazi yake.

Nikampigia daktari na kumwuliza maswali mawili. Uzi utatosha? Akasema ataamua akishaliona shina, stepla ikae karibu bila kufunguliwa. Na ni njia gani ameizoea? Matatu, karibu kila wiki; tundu moja amefanya mara chache.

Nilimwambia Mama tuchukue matatu. Dada aliuliza makovu yatakuwa makubwa kiasi gani. Nikamwambia, kama punje ya mahindi. "Basi waanze," akasema.

Alitoka siku ya pili. Stepla haikufunguliwa, wala haikuandikwa kwenye bili. Niliikagua mara mbili.