Bahasha ya Wakala na Fomu ya Uanachama



Tunasomesha madrasa hapa Buyenzi, Bujumbura. Kila kijana akimaliza sekondari, wazazi hutuletea makaratasi ya vyuo: Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kule Mbale, Uturuki, Malaysia, India. Barua nyingi ni za Kiingereza, nasi tunakifahamu kidogo, basi tukawa washauri bila kuteuliwa na mtu.

Mwaka juzi mwanafunzi wetu wa zamani aliyeko Marekani alituhimiza tujiunge na chama cha washauri wa wanaoomba nafasi vyuoni. Akatutajia NACAC, kilichoanzishwa 1937, ambacho washauri wa shule na maofisa wa vyuo wanaopokea maombi hukaa pamoja. Kwa walio nje ya Marekani kipo chama mwenza, International ACAC. Tulifurahi, tukidhani ni ada na cheti cha kutundika ukutani.

Kabla ya kujaza fomu tukasoma maadili yao. Kumbe habari ya malipo wameivutania sana. Sheria ya Marekani tangu 1992 inavikataza vyuo vinavyopokea misaada ya serikali kuwalipa watu kwa idadi ya wanafunzi wanaowaleta, ila wanafunzi walioko nchi za nje hawakuingizwa katika katazo hilo. Yaani watoto wetu! Mwaka 2013 chama nacho kikawaruhusia wanachama kutumia mawakala wa kamisheni nje ya nchi, kwa sharti la uwazi. Lakini mshauri wa shule hatakiwi kupokea chochote kutoka chuoni kwa kumpeleka mwanafunzi.

Hapo mkono ulitutetemeka. Mwezi mmoja nyuma wakala mmoja alituletea bahasha, eti "ya sukari ya watoto wa madrasa," baada ya kijana wetu kwenda chuo tulichomsifia baba yake. Baba aliuza kiwanja kwa ajili hiyo. Habari ya bahasha hatukumwambia. Tulijiambia ni hadiya.

Na haya tunayasomesha wenyewe! Ibn al-Lutbiyya alitumwa kukusanya zaka, akarudi akisema hiki chenu, hiki nimepewa zawadi. Mtume (S.A.W.) akauliza mbona hakukaa nyumbani kwa wazazi wake aone kama zawadi ingemfuata. Watoto hucheka tukiifika hadithi hii. Nasi tungekaa barazani tu, nani angetuletea bahasha?

Tulimwendea baba baada ya Alasiri. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ustadhi, mbona hukuniambia kabla sijauza?" Hatukuwa na jibu. Bahasha tulimkabidhi yeye, ingawa ilikuwa ndogo mno mbele ya kiwanja. Kijana yuko mwaka wa pili hukohuko, na karo imepanda.

Fomu bado hatujaituma, ada ni ya dola. Ila mzazi akija na makaratasi, kwanza tunamwuliza ni nani aliyempa, kisha tunamwambia kama mtu huyo amewahi kutupa kitu. Wakala yule hapiti tena madrasani.