Jumba la Ajabu na Picha Zake za Kale



Mwaka 2010 tulikwenda Unguja kuwaamkia ndugu zetu Wakristo. Siku moja mwenyeji wetu, mwalimu mzee, alitupeleka pwani ya Forodhani, mbele ya Beit al-Ajaib, ndilo Jumba la Ajabu, ambalo siku zile lilikuwa nyumba ya makumbusho. Akatuuliza, "Je, walimu, mwaonaje? Mnara huu wa saa ulijengwa pamoja na jumba?" Tukajibu bila kusita, "Naam, pamoja." Mzee akacheka, akatoa katika bahasha nakala za picha tatu za kale.

Picha ya kwanza ilipigwa kabla ya mwaka 1896. Jumba lile, alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, limesimama na baraza zake na nguzo zake za chuma, wala halina mnara usoni pake. Mnara uko, lakini umesimama peke yake karibu na bahari. Nao ni mnara wa taa, wa kuviongoza vyombo. Kando ya jumba iko nyumba nyingine ya kifalme, Beit al-Hukm.

Picha ya pili ni ya huzuni. Tarehe 25 Agosti 1896 Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akashika ufalme pasipo idhini ya Waingereza. Tarehe 27, saa tatu ya asubuhi, manowari zao zikapiga mizinga. Na vita vile havikutimiza saa nzima. Katika picha hiyo Beit al-Hukm ni magofu, na mnara wa taa umejaa matundu. Jumba la Ajabu lingali limesimama.

Katika picha ya tatu mnara wa taa hauko tena. Mnara mpya umeungwa usoni pa jumba, nao ndio ule tulioushuhudia kuwa wa tangu mwanzo. Mahali pa Beit al-Hukm pamekuwa bustani.

Hapo tuliona haya. Sisi tulio walimu tulikuwa tumetoa ushuhuda usio kweli, wala si kwa hila, bali kwa kuyaamini macho yetu. Jengo halisemi lilivyokuwa jana. Wapiga picha wa mjini, kama A. C. Gomes aliyetoka Goa, walifanya kazi yao wapate riziki. Kumbe walikuwa wakituwekea mashahidi.

Lakini mzee alituonya jambo la pili. Siku ile ya mizinga watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. "Watafuteni katika picha hii," akasema. Tulitafuta, hatukuwaona. Kamera za kale zilipenda kitu kilichotulia. Apitaye upesi aligeuka kuwa kama ukungu. Basi picha huhifadhi kuta, na majina ya watu huhifadhiwa kwa kinywa na kwa kalamu. Kimoja bila kingine ni nusu ya habari.

Tangu siku ile mambo yamegeuka tena. Mwaka 2012 sehemu ya baraza za jumba ilianguka, na makumbusho yakafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Noeli, sehemu kubwa ya mbele ilibomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafa. Tuliposikia habari hiyo tuliikumbuka bahasha ya mzee.

Katika Kitabu cha Ezra twasoma habari za wazee waliolia walipouona msingi wa hekalu la pili, kwa kuwa walikuwa wameliona lile la kwanza. Vijana walishangilia, maana hawakuwa na la kulinganisha. Kwetu pia kanisa la kwanza lilikuwa la miti na udongo, likaezekwa makuti. Halina picha hata moja, na wazee waliolijenga wamebaki wachache.

Basi, enyi wenye nyumba, kila picha mliyo nayo iandikeni nyuma kwa kalamu ya risasi: mwaka, mahali, na majina ya watu. Na isiyokuwa na majina, mpelekeeni mzee aitazame angali anaona. Msingoje kesho.