Mkate wa Viungo kwa Pasaka ya Kamembe

Waingereza wana jambo moja la Pasaka ambalo sisi wa Rusizi, nchini Rwanda, hatuna: mkate wa Ijumaa Kuu. Ni mkate mdogo wa duara, unaenea kiganjani, wa ngano na maziwa na siagi, umetiwa mdalasini, kungumanga, karafuu na zabibu kavu, na juu yake umechorwa msalaba kwa uji mzito wa unga. Huliwa ungali moto, au hupasuliwa katikati, ukachomwa kidogo na kupakwa siagi. Kwetu Pasaka ina chakula cha Jumapili tu: wali wa Bugarama, nyama, sambaza za Ziwa Kivu, kreti ya Fanta kwa ajili ya watoto. Ijumaa yenyewe tunafunga, tunafuata Njia ya Msalaba, tunarudi nyumbani, basi.

Naandika haya nikiwa Coventry, Uingereza, ninakoishi na familia yangu, lakini mkate ninaotaka kuutetea ni ule unaookwa Kamembe, mji wetu wa Rusizi, juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Nimeoka huku na nimeoka kule. Naamini mkate huu unaifaa Pasaka yetu kuliko jamaa zangu wanavyodhani, na pengine kuliko Waingereza wenyewe wanavyokumbuka.

Mwaka 1592, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, karani wa masoko wa London alipiga marufuku waokaji kuuza mikate ya viungo siku za kawaida. Aliruhusu nyakati tatu: mazishi, Ijumaa inayotangulia Pasaka, na Krismasi. Kanisa kuu la St Albans, kaskazini mwa London, linasimulia habari ya zamani zaidi, ya mtawa Thomas Rocliffe aliyewagawia maskini mikate ya namna hii Ijumaa Kuu ya mwaka 1361. Hadi leo mkate wa St Albans haupakwi uji. Msalaba wake hukatwa kwa kisu juu ya donge. Lakini ni ile amri ya 1592 iliyonikaa kichwani tangu nilipoisoma. Kumbe mkate mmoja, wenye viungo vilevile, uliwahi kutosha kwa msiba na kwa sikukuu.

Amri hiyo ilikufa zamani. Siku hizi Krismasi ikiisha tu mikate ya msalaba iko madukani, na karibu nayo ya chokoleti, ya jibini, ya tufaha. Sioni raha yoyote katika kula mkate wa Ijumaa Kuu mwezi wa Januari. Ila kuna makanisa ambako siku yenyewe bado ina heshima. Waumini wa madhehebu mbalimbali hutembea mitaani asubuhi nyuma ya msalaba wa mbao, kimya, mara nyingi kwenye mvua, kisha huingia ukumbini na kupewa chai na mkate huu wa moto. Hapo ndipo nilipouelewa. Mtu ametoka kwenye baridi, hajafurahi, na wala siku haimtaki afurahi. Anapewa kitu kitamu kidogo, anakishika kwa mikono miwili.

Kuoka nyumbani huku ni kazi ya vipimo. Nusu kilo ya unga wa mikate, gramu 7 za hamira kavu, maziwa mililita 300, siagi gramu 50, yai moja, sukari, chumvi. Viungo vinauzwa vikiwa vimeshasagwa na kuchanganywa, na maganda ya machungwa yanauzwa yakiwa yamekatwa na kulowekwa kwenye sukari. Kinachosumbua ni baridi: mwezi wa Machi donge linaweza kukaa saa mbili na zaidi ndipo liumuke. Kisha unawasha oveni nyuzi 200, dakika 20, ukitoa unapaka jemu ya aprikoti ili ing'ae. Inapatikana mikate 12. Hiyo 12 ni ya nyumba yako. Sijaona jirani wa mtaani kwangu akitembeza sahani ya mikate hii nyumba kwa nyumba, ingawa ni watu wema na hunisalimu kila asubuhi.

Na harufu ile inayojaa nyumba wakati wa kuoka inatoka upande wetu wa dunia. Karafuu imekuwa ikisafirishwa kutoka Unguja na Pemba tangu karne ya 19. Mkate wa Kiingereza wa Ijumaa Kuu unanukia pilau ya pwani, na mtu wa Afrika Mashariki hahitaji ruhusa ya yeyote ili kuuona ni wake.

Mwaka 2023 nilikuwa Kamembe wakati wa Pasaka. Wasiotoka Rwanda niwaeleze kwanza. Tarehe 7 Aprili ndiyo siku tunayoanza Kwibuka, kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na wiki nzima inayofuata ni ya maombolezo: bendera nusu mlingoti, hakuna harusi, hakuna muziki wa sherehe, watu hukutana mitaani mwao kusikiliza na kuzungumza. Kwa kuwa Pasaka huhama kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Aprili, mara nyingi inaigusa wiki hiyo. Mwaka 1994 yenyewe Pasaka ilikuwa tarehe 3 Aprili. Siku chache baadaye watu walikuwa wanakimbilia kanisa kuu letu la Cyangugu kuokoa roho zao, wakahamishiwa uwanja wa Kamarampaka, na wengi walitolewa humo wakauawa. Ni kanisa lilelile tunaloimbia Aleluya. Hakuna familia ya Rusizi inayoandaa Pasaka bila kulijua hilo.

Mwaka ule wa 2023 Ijumaa Kuu iliangukia tarehe 7 Aprili yenyewe. Tena ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na Kamembe ina Waislamu wengi. Mtaani kwa shangazi yangu nyumba za Waislamu na za Wakristo zinapakana ukuta kwa ukuta. Kwa hiyo Ijumaa moja ilibeba mzigo wa siku tatu. Asubuhi tulikuwa kwenye kumbukumbu. Majirani walikwenda sala ya Ijumaa wakiwa wamefunga, sisi alasiri tukaenda kanisani tukiwa tumefunga. Jioni mtaa wote ulikuwa kimya, na kimya kile sijakipata tena popote.

Shangazi hapendi kelele mwezi wa Aprili. Nilipomwambia nataka kuoka kwa ajili ya Jumapili aliniangalia kwanza.

"Kuoka kutaleta wageni, mwanangu?"

"Hapana, Shangazi. Mikate ndiyo itakayowafuata watu."

"Haya, hilo linawezekana."

Tukaoka Jumamosi, na hapa ndipo mambo ya Kamembe yanapotofautiana kabisa na ya Coventry. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari; hewa ni nyepesi na donge huumuka haraka. Kwa nusu kilo ya unga gramu 5 za hamira zinatosha, na ni lazima ukae karibu na bakuli, maana donge likivuka kiasi huporomoka na mkate hutoka na ladha ya uchachu. Unga wenyewe ni wa mandazi na chapati, laini, hauna nguvu ya unga wa mikate wa Uingereza. Dawa yake ni mikono. Tulikanda kwa zamu, dakika 15 kila donge, hadi likavutika bila kukatika.

Matunda yalikuwa nanasi. Zabibu kavu zipo madukani, lakini si kitu cha kila nyumba, na mimi nataka mkate ambao jirani anaweza kuurudia bila kuniuliza nimenunua wapi. Nanasi haliingii bichi: lina kimeng'enya kinachovunja protini za unga, donge likalegea. Na Pasaka yetu iko katikati ya masika, jua la kulianikia halipo. Tulilikata vipande vidogo, tukalipika taratibu kwenye maji yake yenyewe na tangawizi na maganda ya chungwa, bila sukari, hadi likakauka na kunata. Kwa ladha, nanasi hili linazishinda zabibu, na hapo sina mjadala na mtu. Tulitwanga mdalasini, karafuu chache na iliki. Kungumanga hatukuitafuta.

Moto ndio wenye kazi. Wapwani wanaopika mkate wa kumimina wanaujua: makaa chini na makaa juu. Tulichukua sufuria kubwa, tukaweka mchanga mkavu wa kina cha vidole viwili, juu ya mchanga sinia dogo lililopakwa mafuta, kisha mfuniko wa bati. Makaa ya chini yawe machache, ya juu ndiyo ya kupalia. Oveni hukupa joto moja na kukusahau. Mbabula inataka mtu wa kukaa nayo, asogeze kaa hili, apulize lile, ainue mfuniko mara moja tu, tena haraka. Shangazi hana kipimo cha joto. Alisogeza kiganja juu ya mfuniko, akakitoa, akasema bado. Baadaye akasema sasa. Kila awamu ilichukua kama nusu saa. Mkate ukigongwa chini kwa kidole na kulia kama kitu kitupu ndani, umeiva. Ukiwa bado moto unapakwa asali, na asali ya msitu wa Nyungwe ni nzito na nyeusi kuliko ya dukani huku.

Msalaba tuliukata kwa kisu, kama wa St Albans, ingawa shangazi hajawahi kuisikia St Albans. Anasema ndivyo alivyoona mkate ukibarikiwa utotoni. Kabla hatujafika sinia la mwisho alinizuia mkono.

"Hilo liache bila alama. Ni la futari."

Jumapili, muda mfupi kabla ya magharibi, mikate isiyo na msalaba ilikwenda nyumba za Waislamu, ile yenye msalaba ilikuwa imekwenda kwingine tangu asubuhi. Sahani zilirudi na tende, na moja ilirudi na mandazi ya iliki, kwa sababu sahani hairudishwi tupu. Nyumba mbili alizipelekea yeye mwenyewe na hakutaka nimsindikize. Ni nyumba za watu ambao wiki ile huwa hawatoki. Alikaa huko muda mrefu.

Hapo ndipo niliporudi kwa yule karani wa London na ruhusa zake. Nyama inataka wageni, na wageni wanataka soda, bia na muziki; katika wiki ya maombolezo familia nyingi hujikuta ama zinaiacha Pasaka kabisa, ama zinaifanya kwa kujificha. Mkate hauna shida hiyo. Unaokwa kimya, unabebwa chini ya kitambaa, unamfikia mtu mlangoni kwake akiwa na huzuni yake, wala haumdai aivue. Anaweza kuula peke yake. Hiyo ni sikukuu tosha kwa mwaka kama ule.

Binamu zangu hawakubaliani nami. Mmoja anasema hiki ni chakula cha wazungu na kwamba Pasaka bila nyama ni Kwaresima iliyoongezwa. Namheshimu, lakini ngano ya mandazi anayokunywa nayo chai kila asubuhi nayo ilitoka mbali kabla ya kuwa yetu. Na Wanyarwanda si wageni wa kubadilisha cha kigeni kiwe chao: mfanyabiashara Sina Gérard wa Nyirangarama anatengeneza biskuti kwa viazi vitamu vya rangi ya chungwa, na watu wanazinunua.

Kuhusu Ijumaa, niko na shangazi. Waingereza wale siku hiyo, ni desturi yao na inatoka mbali. Sisi Wakatoliki wa Rusizi tunafunga, na mkate wa asali na nanasi siku ya kufunga unanisumbua roho. Hata Coventry siku hizi nakanda Ijumaa usiku, naoka Jumamosi, na hauguswi hata mmoja hadi turudi kutoka mkesha wa Pasaka. Watoto wanalalamika, kisha wanasubiri.

Mwaka 2026 Pasaka ni tarehe 5 Aprili, na Jumatatu yake, ambayo Rwanda ni siku ya mapumziko, ndiyo mkesha wa tarehe 7. Nimemwandikia shangazi vipimo vya mikate 12 kama nilivyofundishwa huku. Amejibu kwamba hesabu hiyo haimfai: yeye anahesabu nyumba, nazo ni tisa, kila moja mikate minne, mbali na ya kwake na ya mtoto wa jirani anayebatizwa mkesha wa Pasaka. Ni kilo mbili za unga na makaa ya kutosha awamu nne. Ameshaanza kuulizia bei ya nanasi.