Kukunja si Kufuta

Nikiwa mwaka wa tatu wa shahada ya Kiswahili nchini Uganda, kundi letu la wanafunzi wanne lilikusanya ngano 18 za Kiganda na kuzitafsiri kwa Kiswahili. Kila ngano ilikuwa na sehemu tatu: matini ya Kiganda, tafsiri na maelezo. Tuliziandika kwa XML, tukifuata mwongozo wa TEI, ndani ya programu ya Oxygen. Waraka ukawa mrefu mno. Aliyetaka tafsiri ya ngano ya kumi alilazimika kupitia kurasa nyingi asizozihitaji.

Mwenzetu mmoja alipendekeza tuitoe matini ya Kiganda na kuiweka katika faili jingine, kwa kuwa wasomaji wetu ni watu wa Kiswahili. Nilipinga. Tafsiri ikitengwa na asili yake, nani ataikagua?

Jawabu tulilipata katika CSS, lugha ya mitindo iliyoidhinishwa na W3C mwaka 1996. XML ilifuata mwaka 1998. XML hueleza sehemu fulani ni nini. CSS hueleza sehemu hiyo ionekane vipi. Oxygen, katika mwonekano wake wa Author, imeongeza sifa zake yenyewe kwenye CSS. Ukiipa elementi ya div sifa ya -oxy-foldable yenye thamani true, pembetatu ndogo hutokea kando yake. Ukiibofya, sehemu hujikunja. Sifa ya -oxy-not-foldable-child hutaja kinachobaki wazi. Sisi tulitaja head, yaani kichwa cha sehemu, ili msomaji ajue ni nini kimekunjwa. Katika faili la XML halibadiliki hata neno moja.

Kuna sifa ya tatu, -oxy-folded, inayoifanya sehemu ianze ikiwa imekunjwa. Hapo mjadala ukaanza upya: tukunje sehemu gani tangu mwanzo? Wawili walisema Kiganda. Nikawauliza kama bibi aliyetusimulia ngano hizo angefurahi kuona maneno yake yanangoja kubofywa huku yetu yakiwa wazi. Tulikubaliana kukunja maelezo, na lugha zote mbili zibaki wazi, moja chini ya nyingine.

Wanafunzi wa lugha huwaachia wenzetu wa kompyuta mambo ya mitindo. Mimi sasa naona kwamba kuchagua cha kukunja ni kazi ya mhariri.